Eldoret: Mji Ambamo Mgonjwa ni Mwalimu

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya kwenda Uganda hushuka kwanza katika Bonde la Ufa, akapita Naivasha na Nakuru, kisha gari huanza kupanda polepole kuelekea Timboroa. Hapo Timboroa baridi ni kali hata wakati wa mchana, na stesheni ya reli iliyoko huko imejengwa mahali palipo mita 2,743 juu ya usawa wa bahari. Baada ya hapo nchi hufunguka ghafula. Milima hubaki nyuma, na mbele hakuna ila mashamba mapana ya mahindi na ngano, malisho ya ng'ombe wa maziwa, na safu za miti iliyopandwa kuzuia upepo. Hiyo ndiyo nchi ya Uasin Gishu, na mji wake ni Eldoret, ulio umbali wa kilomita 310 hivi kutoka Nairobi.

Jina la mji huo lina asili ya Kimasai, na maana yake ni mto wa mawe. Mto wenyewe ni Sosiani, upitao katikati ya mji ukirukaruka juu ya majabali. Wazee wa zamani waliuita Sisibo, nayo ndiyo matamshi yao ya hesabu ya Kiingereza ya 64, kwa kuwa posta ya kwanza ilijengwa katika shamba lililoandikwa namba 64. Jina la Eldoret lilitolewa mwaka 1912, reli ikafika mwaka 1924, na mwezi wa Agosti mwaka 2024 mji ukapewa hadhi ya jiji. Watu wengi waujua kwa mambo mawili: kwa magunia ya mahindi, na kwa wakimbiaji ambao wameijaza dunia sifa. Lakini kuna jambo la tatu, nalo lastahili kujulikana na kila mzazi mwenye mtoto shuleni. Ni namna wanafunzi wa udaktari na uuguzi wanavyofundishwa kujifunza katika mji huo.

HOSPITALI YA VITANDA 60

Hospitali kuu ya Eldoret iko kando ya barabara iitwayo Nandi Road. Ilianza mwaka 1917, nayo ilikuwa hospitali ndogo ya vitanda 60 kwa ajili ya Waafrika. Mwaka 1998 ilifanywa kwa sheria kuwa hospitali ya rufaa na ya kufundishia, na sasa hupokea wagonjwa kutoka pande zote za Magharibi ya Kenya, na wengine huvuka mpaka kutoka Uganda.

Hapo kale kijana wa Kenya aliyetamani kuwa daktari hakuwa na haja ya kushuka Eldoret. Mafunzo ya udaktari yalikuwa Makerere, katika hospitali ya Mulago, tangu miaka ya 1920. Na reli ilipofika Kampala mwaka 1931, kijana huyo alipanda gari la moshi Nairobi, akautazama mji wa Eldoret kwa dirisha, akaendelea na safari yake. Mwaka 1967 chuo cha udaktari kilifunguliwa Nairobi. Chuo Kikuu cha Moi kiliundwa kwa sheria mwaka 1984, na makao yake yakawekwa Kesses, katikati ya mashamba. Lakini kitivo chake cha afya kiliwekwa mjini, karibu na hospitali. Wanafunzi wa kwanza wa udaktari waliingia mwaka 1990. Ndicho kilichokuwa chuo cha pili cha udaktari katika Kenya.

Walioanzisha chuo hicho, chini ya mkuu wake wa kwanza, Profesa Haroun Mengech, walikuwa na uchaguzi wa kufanya. Wangaliweza kufuata njia ya zamani: miaka miwili au mitatu ya kukaa madarasani na kuandika maneno ya mwalimu, na baadaye tu kwenda kumwona mgonjwa. Lakini walichagua njia nyingine, ambayo ilianza mwaka 1969 katika chuo cha McMaster, mjini Hamilton katika nchi ya Canada, ikafuatwa mwaka 1974 mjini Maastricht, Uholanzi, na mwaka 1986 mjini Linköping, Sweden. Katika njia hiyo mwanafunzi hupewa kwanza shida ya mgonjwa, kisha hutafuta elimu ya kuitatua. Tena, wanafunzi wa Eldoret hupelekwa kuishi na kufanya kazi miongoni mwa watu wa vijijini tangu mwanzo wa masomo yao.

NJIA TATU ZA KUSOMA

Ili kufahamu sababu ya uchaguzi huo, yafaa kulitazama jambo moja lililochunguzwa mbali na Afrika. Mwaka 1976 wataalamu wawili wa Göteborg, Sweden, Ference Marton na Roger Säljö, waliandika habari za wanafunzi waliopewa maandishi wayasome, wakijua kwamba wataulizwa maswali. Baadaye kila mmoja aliulizwa ameelewa nini, na alisomaje. Ikaonekana kwamba baadhi yao walikuwa wameyakazia macho maneno yenyewe, wakijaribu kuyashika kichwani yasitoroke. Wengine walikuwa wameuliza: Mwandishi huyu ataka kusema nini? Wa kwanza walisoma juujuu. Wa pili walisoma kwa kina. Wataalamu wengine waliofuata, kama Noel Entwistle wa Uingereza, walieleza namna ya tatu: mwanafunzi apimaye ni wapi penye alama nyingi, akapeleka nguvu zake huko, kama mfanyabiashara aangaliaye bei kabla ya kupakia mzigo.

Msomaji asidhani kwamba hao ni watu wa aina tatu waliozaliwa hivyo. Mwanafunzi yule yule aweza kusoma kwa kina jioni ya leo, na kesho, akielemewa na kazi na kuogopa mtihani, akasoma juujuu. Marton na Säljö waliona pia kwamba maswali yenyewe humvuta msomaji: akizoea kuulizwa maneno, atatafuta maneno, akizoea kuulizwa maana, atatafuta maana.

Wala asidhani kwamba kukariri ni kosa. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206, na hakuna awezaye kujua majina yake kwa kutafakari tu. Hapana budi ayakariri. Vivyo hivyo vipimo vya dawa. Muuguzi asiyejua kwa moyo kipimo cha dawa ya mtoto ni hatari usiku wa manane. Lakini wahenga walisema, asiyejua maana haambiwi maana. Katika kazi nyingi mtu aliyekariri bila kuelewa hupata hasara ya fedha au ya muda. Katika kazi ya uganga hasara hiyo humwangukia mtu mwingine, ambaye hakufanya mtihani wala hakuchagua mwanafunzi wa kumhudumia.

KUNDI LILILOIZUNGUKA MEZA

Chumba cha majadiliano hakina fahari. Kuna meza, viti, ubao, na wanafunzi wanane au kumi. Mmoja wao ni mwenyekiti, mwingine ni mwandishi asimamaye ubaoni. Mwalimu yupo, lakini hukaa kando kama mzee wa baraza asikilizaye kabla ya kusema. Kazi yake ni kuuliza, na kuwarudisha njiani wakipotea.

Mathalan, karatasi waliyopewa yaweza kusema hivi: mtoto wa kiume, umri wake miezi 20, ameletwa na mama yake kwa kuwa amevimba miguu na uso. Hataki kula wala kucheza. Nywele zake zimekuwa nyembamba na rangi yake imepauka. Mama ana mtoto mchanga mgongoni. Baba ni mkulima wa mahindi.

Huko Maastricht waligawanya kazi ya namna hii katika hatua saba, na makundi mengi duniani hufuata mwendo huo. Kwanza, kila neno lisiloeleweka huelezwa. Pili, shida yenyewe hutajwa waziwazi: kwa nini mtoto huyu amevimba? Tatu, kila mmoja hutoa mawazo yake bila kuchekwa. Mmoja asema ni figo. Wa pili asema ni moyo. Wa tatu asema labda ni minyoo. Wa nne, ambaye amenyamaza muda mrefu, asema ni njaa, na wenzake wamgeukia: mtoto wa mkulima wa mahindi, mwenye ghala, apateje njaa? Nne, mawazo hayo hupangwa, yanayofanana pamoja. Tano, kundi huandika orodha ya mambo wasiyoyajua. Sita, wanatawanyika, kila mmoja kwenda maktaba, wodini, au chumbani kwake na vitabu. Saba, baada ya siku chache wanakutana tena, na kila mmoja aeleza aliyoyapata, akiulizwa ameyapata wapi na ana hakika gani.

Hatua ya tano ndiyo iliyo ngumu kuliko zote kwa kijana atokaye shule ya sekondari. Kwa miaka mingi amesifiwa kwa kuinua mkono na kusema anachojua. Sasa atakiwa kuandika ubaoni, mbele ya wenzake, jambo asilolijua. Wengine huona haya, wakatikisa kichwa kana kwamba wameelewa. Kuuliza si ujinga, lakini shule nyingi zimewafundisha watoto kinyume chake; na daktari aliyezoea kuficha asichokijua akiwa mwanafunzi ataendelea kukificha akiwa na mgonjwa mbele yake.

Mtoto yule wa kwenye karatasi ana ugonjwa ujulikanao kwa jina la kwashiorkor. Daktari Cicely Williams, bibi aliyezaliwa Jamaica, ndiye aliyeueleza mwaka 1933 alipokuwa akifanya kazi katika nchi iliyoitwa Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Mwaka 1935 aliandika pia jina lake, na jina hilo hakulitunga yeye. Ni neno la Kiga, lugha ya wenyeji wa huko, lielezalo ugonjwa wa mtoto aliyeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Basi wenyeji walikuwa wameona nusu ya jambo kabla ya vitabu, nao waliweka elimu yao ndani ya jina. Mwanafunzi akiisoma habari hiyo kwa makini, atarudi kwenye karatasi na kuona kile alichokipita mara ya kwanza: mtoto mchanga mgongoni mwa mama.

NDANI YA WODI

Karatasi haitoshi. Asubuhi na mapema wanafunzi huonekana wakielekea hospitali wamevaa makoti meupe, vyombo vya kusikilizia moyo shingoni, na vidaftari mifukoni vilivyokwisha kukunjamana. Watu wa mjini wamewazoea. Wauza chai hujua kwa nyuso zao ni nani aliyekesha na kitabu, na ni nani aliyekesha na mgonjwa.

Wodini mwalimu huwauliza maswali kando ya kitanda, na hapo ndipo kusoma juujuu hufichuka. Mwanafunzi aliyekariri atasema upesi: uvimbe ni maji; dawa ya kupunguza maji mwilini ni ile inayomfanya mgonjwa akojoe sana; basi mtoto apewe hiyo. Maneno yote matatu yana sura ya ukweli, na katika magonjwa fulani ya moyo ni ukweli. Lakini kwa mtoto mwenye kwashiorkor dawa hiyo yaweza kumwua. Maagizo ya Shirika la Afya Duniani yakataza waziwazi kumpa kwa ajili ya uvimbe ule.

Tena, mwenye huruma bila elimu ataona mtoto ana njaa, akataka ashibishwe siku ile ile. Hilo nalo ni hatari. Mwili uliodhoofika kwa muda mrefu ni kama injini iliyokaa bila kuwashwa. Haupakiwi mzigo mzima mara moja. Mtoto huyo hutiwa joto, hupimwa sukari ya damu, hupewa dawa za kuua vijidudu, na hulishwa maziwa maalumu kidogo kidogo kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku. Baada ya siku kadhaa, hamu ya chakula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo chakula huongezwa. Mwanafunzi aliyeelewa sababu hizo hawezi kuzisahau, kwa maana kila hatua inashikamana na nyingine. Yule aliyekariri orodha aweza kuruka mstari mmoja, na asijue kwamba ameuruka.

Katika kazi hiyo ya usiku na mchana mwalimu mkuu ni muuguzi. Wanafunzi wa udaktari waingiao wodini kwa majivuno hujifunza upesi kwamba Sista aliyekaa miaka 20 katika wodi ya watoto hutambua mtoto anayezimia kwa kumtazama kutoka mlangoni. Mwanafunzi mwenye busara humwuliza, "Sista, umejuaje?" na huyaandika majibu yake. Mwanafunzi wa uuguzi naye hujifunza kusema mbele ya daktari bila hofu anapoona jambo haliendi sawa. Adabu hizo mbili, ya kuuliza na ya kusema, hazipatikani katika kitabu chochote.

SAFARI YA KIJIJINI

Kutoka mjini, barabara ya Kapsabet huingia nchi ya Nandi, ikapita katika malisho ya kijani na mashamba ya mahindi hata Mosoriot, ambako kuna kituo cha afya kijulikanacho sana. Katika vituo vya namna hiyo, vilivyotawanyika Magharibi ya Kenya, wanafunzi wa Eldoret hupelekwa kwa makundi, mwaka baada ya mwaka. Mara ya kwanza huenda kuwajua watu tu na maisha yao. Mara ya pili huchunguza afya ya jamii nzima, kama daktari achunguzavyo mwili wa mtu mmoja: maji yatoka wapi, vyoo viko wapi, watoto wangapi wamechanjwa, akina mama hujifungulia wapi. Baadaye hutunga uchunguzi wao wenyewe, huufanya, na mwishowe hufanya kazi katika hospitali ili waone jinsi huduma nzima inavyoendeshwa.

Kijana aliyelelewa Mombasa, ambaye hajapata kuona umande wa asubuhi ukiganda majanini, atajikuta akitembea kwa miguu kutoka boma hadi boma akiwa na daftari. Lazima ajifunze kusema "Chamgei" kabla ya kuuliza lolote. Lazima aketi, anywe chai aliyopewa, na asitazame saa. Akina mama humwita daktari ingawa bado si daktari, na jina hilo humlemea. Wazee humwita mwanangu, na hilo humsaidia.

Huko ndiko swali la karatasi hupata jibu lake. Mwanafunzi aliuliza mezani: mtoto wa mkulima apateje njaa katika nchi ya mahindi? Sasa aketi katika boma lenye ghala, ng'ombe wawili na kuku, na mama amweleza mambo yalivyo. Maziwa ya asubuhi yamekwenda na gari la maziwa. Mayai yamekwenda sokoni. Maharagwe yaliuzwa shule zilipofunguliwa. Mtoto aliyeachishwa ziwa amebaki na uji wa mahindi, nao hujaza tumbo lakini haujengi mwili peke yake. Fedha zilikwenda wapi? Kwa karo ya kaka yake aliye sekondari. Basi karo ya mtoto mkubwa imelipwa kwa maziwa ya mtoto mdogo.

Mwanafunzi asomaye juujuu atatoka katika boma lile akiandika daftarini: "mama hana elimu ya chakula." Mwanafunzi asomaye kwa kina ataona kwamba mama yule amepiga hesabu, na kwamba hesabu yake ina sababu. Hakumnyima mtoto kwa ujinga wala kwa uchoyo. Alikuwa akijaribu kuwaokoa watoto wawili kwa mfuko mmoja. Kumwambia mama huyo "mpe mtoto maziwa" na kuondoka ni kama kumwambia mtu aliyeanguka kisimani kwamba hapo pana maji. Ni lazima kukaa naye na kutafuta kitu kinachowezekana: kikombe kimoja cha maziwa kibaki nyumbani kabla ya gari kufika, yai moja kwa siku lisihesabiwe, maharagwe debe moja lisiuzwe. Wataalamu hata leo wangali wakichunguza kwa nini mtoto mmoja huvimba na mwingine hukonda tu. Lakini kikombe kile cha maziwa hakihitaji kungoja uchunguzi uishe.

MWANAFUNZI ALIYEKUWA MGONJWA

Kuna tukio moja la Eldoret ambalo laonyesha kuliko maneno mengi jinsi mgonjwa na mwanafunzi walivyo karibu. Mwaka 2000 ugonjwa wa UKIMWI ulikuwa ukijaza wodi, na dawa za kuurudisha nyuma hazikuwa katika uwezo wa watu wa kawaida. Profesa Joe Mamlin, daktari wa Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ambacho kilikuwa kimeshirikiana na chuo cha Eldoret tangu mwanzo wake, alimkuta miongoni mwa wagonjwa waliokaribia kufa kijana mmoja ambaye alikuwa mwanafunzi wa udaktari wa chuo kile kile. Yule aliyekuwa akija wodini na koti jeupe sasa alikuwa amelala kitandani, amebaki mifupa.

Dawa zilitafutwa na kupatikana kwa ajili yake. Nguvu zikamrudia, akainuka, akatembea. Kuinuka kwake kuliwafumbua macho wenzake na walimu wake. Kwa maana kama mmoja aliweza kuinuka, kwa sababu gani wengine walioko katika vitanda vya jirani wafe? Mwaka 2001 mpango wa matibabu uitwao AMPATH ulianzishwa na Eldoret pamoja na vyuo vya Marekani, na Mosoriot palikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza vijijini kupata matibabu hayo. Watu maelfu kwa maelfu wametibiwa tangu wakati huo.

Wanafunzi waliokuwapo walijifunza jambo ambalo haliulizwi katika mtihani: kwamba mtu aliye kitandani si mtu wa namna nyingine. Aweza kuwa mwenzao wa jana.

GHARAMA YA NJIA HII

Haingekuwa haki kusifu tu. Njia ya majadiliano ina gharama. Mwalimu mmoja aweza kuhutubia wanafunzi 200 katika ukumbi mmoja, lakini hawezi kukaa na makundi 20 kwa saa moja. Wanafunzi wakiongezeka na walimu wasiongezeke, kundi la watu wanane huwa la 15, kisha 20; na katika kundi la 20 watu watano husema na 15 husikiliza, au husinzia. Vitabu visipotosha, aliyetumwa kutafuta hurudi mikono mitupu. Usafiri na malazi ya vijijini yahitaji fedha kila mwaka, na fedha hizo ndizo hukatwa kwanza hali inapokuwa ngumu.

Tena kuna hofu ya mwanafunzi mwenyewe. Katika njia ya zamani alijua kwamba amemaliza anapofika ukurasa wa mwisho. Katika njia hii ukurasa wa mwisho haupo, na wengi hulala na wasiwasi kwamba wenzao wamejua zaidi. Wengine, kwa hofu hiyo, hutafuta maswali ya mitihani ya miaka iliyopita na kuyakariri usiku kucha, wakarudi kule kule kusoma juujuu ambako njia hii ilikusudiwa kuwatoa.

Kwa hiyo mtihani wenyewe una kazi kubwa. Kwa desturi iliyopokewa kutoka Uingereza, mwanafunzi wa udaktari katika mtihani wake wa mwisho huachwa na mgonjwa ambaye hajapata kumwona. Humsalimu, humsikiliza, humpima, na muda ukiisha watahini huingia na kumwuliza ameona nini na afikiri nini. Mtihani wa namna hiyo una mapungufu yake, kwa kuwa mgonjwa mmoja aweza kuwa mgumu na mwingine rahisi. Lakini una ukweli mmoja mkubwa. Aliyezoea kuwasikiliza wagonjwa atasaidiwa na mgonjwa huyo, maana mgonjwa hupenda kumweleza amsikilizaye. Aliyezoea kuwapita akikimbilia vitabu vyake atakuwa na saa ndefu sana.

NENO KWA WAZAZI NA WAKULIMA

Jioni, jua linaposhuka upande wa Nandi na malori ya mahindi yakipanga foleni, wanafunzi hutoka hospitali na kutawanyika mjini. Wengi wao ni watoto wa wakulima, wa makarani na wa walimu wa shule. Mashamba yameuzwa, ng'ombe wameuzwa, na mikopo imechukuliwa ili wafike hapo. Ni haki ya mzazi kutaka kujua kama fedha yake inafanya kazi.

Lakini mzazi akimpokea kijana wake wakati wa likizo, asimwulize tu, "Umekuwa wa ngapi?" Swali hilo humfundisha kusoma kwa ajili ya nambari. Na amwulize pia, "Ni mgonjwa gani aliyekufundisha muhula huu, na alikufundisha nini?" Kijana akiwa na jibu refu, mzazi na ashukuru. Akikosa jibu, hapo pana jambo la kuzungumza.

Naye mkulima ambaye mwanafunzi mwenye daftari amebisha hodi langoni kwake, asimfukuze kwa kuwa ni kijana na maswali yake ni mengi. Asimfiche ukweli kwa aibu, wala asimpambie mambo. Aseme maziwa yanakwenda wapi na maji yanatoka wapi. Siku moja kijana huyo atasimama peke yake usiku, katika hospitali ya mbali isiyo na mtu wa kumwuliza, na mtoto aliyevimba amelazwa mbele yake. Wakati huo atakumbuka aliyoambiwa langoni, na pengine hilo ndilo litakalomzuia asichukue dawa isiyofaa.